Gari ya Mbio na Kiti cha Nyuma

Barazani petu Mpendae, si mbali na kwa Binti Amrani, ulizuka mjadala wiki chache zilizopita ambao umenilazimisha kushika kalamu. Kijana mmoja wa mtaani, mtumishi wa Serikali, mwenye mke, watoto watatu na mama mzazi anayemtunza nyumbani kwake, alitujia baada ya sala ya laasiri na simu mkononi. Alituonyesha picha ya gari ndogo nyekundu, ya milango miwili na viti viwili, yenye paa la turubali la kukunja, iliyokuwa ikiuzwa huko Japani. Akiba aliyoiweka kwa miaka sita ilikuwa imetimia. Hakuja kutuomba mkopo. Alikuja kutafuta kauli njema.

Kauli njema hakuipata. Mzee mmoja alimwambia, "Mwanangu, mtu mwenye watoto watatu hanunui gari ya viti viwili, ila awe ameshaazimia kuwaacha nyumbani." Watu wakacheka. Kijana akanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyezoea kuzungumza nao mambo ya tawi. "Ami," akasema, "wewe ndiye unayetuhimiza kila siku kwamba mtu afanye kazi na ale jasho lake. Mimi nimefanya kazi. Je, nina haki ya kufurahi au sina?"

Ndugu msomaji, swali hilo halikuwa la mchezo, na sikumjibu siku ile. Makala haya ndiyo jibu langu kwake, na kwa wengine wengi wa rika lake ambao hivi sasa wanakodolea macho picha za gari usiku, baada ya watoto kulala.

Furaha si israfu

Kwanza kabisa napenda kuondoa dhana moja. Wapo wanaodhani kwamba mtu mzima aliyeoa hana tena ruhusa ya kupenda kitu chepesi na kizuri, na kwamba gari yake haina budi iwe sanduku la kubebea magunia na watoto. Dhana hiyo si sahihi. Mvuvi wetu hupenda ngalawa inayokata maji vizuri, na hakuna anayemlaumu kwa kuipamba. Mwenye baiskeli huipigia msasa na kuifunga kengele mbili. Kupenda chombo kitiifu ni tabia ya mwanadamu tangu zamani. Israfu haimo katika kufurahi, bali imo katika kuwafanya wengine walipie furaha yako.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Gari ya familia ina abiria ambao hawakuulizwa walipokuwa wakichaguliwa chombo. Mtoto wa miaka minne hakuchagua rangi wala injini. Bibi mwenye magoti yanayouma hakushauriwa juu ya urefu wa kiti. Hivyo basi anayenunua gari kwa ajili ya moyo wake analazimika kuwa wakili wa watu hao pia, na wakili mwaminifu huanza kazi yake kwa kukaa kiti cha nyuma.

Somo la mashindano ya Safari

Kijana wetu alinieleza kwamba gari ya mbio haiwezi kuwa gari ya nyumbani, na kwamba mtu hana budi achague moja kati ya mawili. Historia ya sehemu yetu hii ya Afrika inampinga.

Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, yaliyokuja kujulikana dunia nzima kwa jina la Safari. Katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi, tope na mito iliyofurika. Yalikuwa makali kiasi kwamba mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni gari 7 tu zilizofika mwisho. Je, ni gari gani zilizoshinda? Mwaka 1965 ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, walishinda kwa Volvo PV544, gari ya familia kwa asili yake, ambayo wala haikuwa mpya: ilikwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, akiendesha Peugeot 404, gari ambayo wazee wetu wanaikumbuka kuwa ni ya kubebea watu na mizigo yao.

Sitaki kuficha upande wa pili. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda kwa Datsun 240Z, gari ya mbio ya viti viwili kabisa. Lakini ushindi wake mwingine wa mara nne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982, aliupata katika Datsun Violet, ambayo asili yake ni gari ya kawaida ya nyumbani. Na Subaru Impreza, iliyoshinda Safari mwaka 1997 na 2000, ina ndugu zake wa milango minne na viti vitano ambao tunawaona leo katika mitaa yetu wakipeleka watoto skuli.

Liko jambo jingine kuhusu ile Volvo ambalo ni zito kuliko ushindi wenyewe. Mwaka 1959 mhandisi wa kiwanda hicho, Nils Bohlin, alibuni mkanda wa usalama unaoshika mabega na kiuno kwa pamoja, na PV544 ilikuwa miongoni mwa gari za kwanza duniani kufungwa mkanda huo kiwandani. Kiwanda kikawaachia wenzake wautumie bila ya kuwatoza kitu. Kwa maneno mengine, gari ileile iliyoshinda mbio ngumu kuliko zote ndiyo iliyotufunza kumfunga abiria. Anayetaka kuiga mbio za mabingwa na auige mkanda wao pia.

Kisiwa chetu na mwendo wake

Tuje sasa nyumbani. Kisiwa cha Unguja hakizidi kilomita 90 kwa urefu. Gari nyingi za Japani huwekewa ukomo wa kilomita 180 kwa saa. Kwa mwendo huo mtu angetoka ncha moja ya kisiwa hadi nyingine kwa nusu saa, kisha ingemlazimu aingie baharini. Ni dhahiri kwamba uwezo huo kwetu hauna matumizi. Barabara zetu zina matuta, zina ng'ombe na punda wa mikokoteni, zina watoto wa madrasa wanaovuka makundi kwa makundi, na zina wageni waliokodi vespa ambao hawajui bado upande wa kupita.

Hesabu ya mwendo ni fupi. Gari inayokwenda kilomita 50 kwa saa hukata mita 14 kwa sekunde moja. Inayokwenda 80 hukata mita 22. Sekunde hiyo moja ndiyo anayoitumia dereva kushtuka tu, kabla mguu haujafika kwenye breki. Aidha, mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kishindo huzidi mara nne. Breki nzuri hupunguza msiba, lakini hazibadilishi hesabu.

Nasema haya si kwa kusoma tu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nikirudi kutoka kusini na mwanangu wa kwanza, aliyekuwa na miaka mitano. Nilikuwa na gari nyepesi yenye gia ya mkono, nikiipenda kupita kiasi. Mtoto alisimama katikati ya viti viwili vya mbele, akishangilia kila nilipompita mtu, nami nikaona fahari kwa kushangiliwa. Mbele ya Tunguu akatokea mzee wa baiskeli na mzigo wa majani ya ng'ombe. Nilifunga breki, na mzee hakuguswa hata kidogo. Lakini mtoto aliruka na kupiga paji la uso kwenye dashibodi. Alishonwa, na alama ipo mpaka leo juu ya nyusi yake ya kulia. Kila anaponipa mkono asubuhi naiona. Hakuna aliyenishitaki, na mama yake alikubali maelezo yangu kwamba ilikuwa bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya. Mkanda ulikuwepo, na mimi sikumfunga.

Basi anaponiuliza kijana kama ana haki ya kufurahi, namjibu kwamba anayo, ila ajue kuwa raha ya gari haimo katika kasi. Imo katika utiifu wake: usukani unaoitika, gia inayoingia pale ulipoitaka, gari isiyoyumba katika kona. Raha hiyo hupatikana kwa kilomita 50 kwa saa katika barabara ya miti ya Bungi, na watoto nyuma wamefungwa mikanda, wakiimba.

Tupime gari zenyewe

Kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto kama Wajapani, na usukani wa kulia ndio wetu, gari nyingi zinazotushukia zimekwisha kutumika huko. Nimekaa na kijana huyu jioni mbili, tukazipima zile alizozitamani moja baada ya moja.

Ile nyekundu ilikuwa Mazda MX-5, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1989. Ni nyepesi, na sifa zake njema ni za kweli. Lakini ina viti viwili na kitumbo kilicho karibu na ardhi. Tuta la kwanza la Mpendae lingeikwaruza, na watu wanne kati ya sita wa nyumba yake wangebaki mlangoni. Hii inamfaa kijana asiyeoa, au mzee ambaye watoto wake wamekwisha kuhama.

Ya pili ilikuwa Mazda RX-8, iliyotengenezwa kati ya mwaka 2003 na 2012. Kwa macho ni ya milango miwili, kumbe ina minne: ile ya nyuma ni midogo, hufunguka kinyume, na haifunguki mpaka wa mbele wafungue wao kwanza. Viti ni vinne, wala si vitano. Injini yake haina pistoni za kupanda na kushuka, bali ina rota inayozunguka, na kwa maumbile yake hunywa oili kidogo kidogo pamoja na petroli. Asiyepima oili mara kwa mara huiua. Ni gari ya mtu mwenye fundi wake na mwenye subira, na si wengi tulio na vyote viwili.

Ya tatu ni Toyota Altezza, iliyouzwa Japani tangu 1998 hadi 2005. Ina milango minne, viti vitano, na nguvu hupelekwa magurudumu ya nyuma. Ile ya RS200 yenye gia ya mkono ina injini ya lita 2 na nguvu za farasi 210. Inapendeza, na fundi wa Toyota si wa kutafutwa kwa tochi. Ila imetengenezwa kwa petroli ya daraja la juu, na katika mvua gari inayosukumwa na magurudumu ya nyuma humtaka dereva aliyetulia. Karibu nayo ni Mark X, iliyoanza mwaka 2004, pana zaidi na yenye kukaa vizuri, lakini nzito na yenye kunywa mafuta zaidi.

Ya nne ni Subaru Forester yenye taboo, iliyoanza mwaka 1997 juu ya msingi uleule wa Impreza. Magurudumu yote manne husukuma, kitumbo kiko juu, na viti viko katika kimo ambacho mtu mzima huingia kwa kuketi badala ya kuchutama. Ina maradhi yake: mafuta haionei huruma, na mkanda wa majira ulio ndani ya injini za miaka ile hauna budi kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, injini nzima inaweza kwenda nao. Anayeinunua imetumika na aubadilishe siku inayowasili, asingoje kuambiwa.

Kijana alikuwa ameelekea kwenye Altezza. Jirani mmoja anayo, akatuachia tuijaribu. Tukamwita mama yake atoke nje, aingie nyuma. Bibi yule, ambaye kila mwezi hupelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, aliingia kwa shida, akazama kitini, kisha akashindwa kutoka. Tulimvuta watu wawili. Hakulalamika. Alijifuta jasho kwa ncha ya kanga na kusema, "Ni nzuri mwanangu. Mimi nitapanda daladala." Kijana aliinamisha kichwa. Nadhani maneno yale yalifanya kazi kuliko baraza zima na makala haya yote.

Sita katika viti vitano

Uamuzi ukaja kuwa ni Forester, ya gia ya mkono, yenye taboo. Furaha yake nusu, na nusu haki ya nyumba. Lakini palibaki mwiba mmoja. Nyumba ina watu sita na gari ina mikanda mitano. Kijana akasema kama tunavyosema sote, kwamba mdogo atapakatwa.

Hapa nilikataa kabisa. Mtoto aliyepakatwa hana mkanda. Ana mikono ya mama yake, na hakuna mikono duniani inayoweza kumzuia pale gari inaposimama ghafla. Tulihesabu ni mara ngapi wote sita hutoka pamoja. Tukaona ni sikukuu mbili za Idi, harusi na msiba. Siku nyingine zote huwa ni watatu au wanne. Kwa siku hizo chache kisiwa chetu ni kidogo: inatosha kwenda safari mbili, au kukodi Noah kwa siku moja. Si busara kuchagua gari ya mwaka mzima kwa ajili ya siku tano, wala si busara kuhatarisha mtoto kwa siku hizo tano.

Nawausia wengine waliomo njiani kununua mambo manne. Kwanza, soma karatasi ya mnada wa Japani: palipoandikwa alama ya R pana ajali iliyokwisha kutengenezwa. Pili, tazama ubavuni mwa mpira. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mpira mkongwe hupasuka hata kama meno yake ni mazima. Tatu, uliza kwa namba ya chesisi kama mifuko ya hewa ya gari hiyo imo katika ile iliyotengenezwa na kampuni ya Takata. Baruti ya mifuko hiyo huharibika kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi, ikapasua kikasha chake na kumrushia abiria vipande vya chuma. Mamilioni ya gari za viwanda mbali mbali ziliitwa kurekebishwa, na kampuni yenyewe ikafilisika mwaka 2017. Joto na unyevunyevu ndiyo hali yetu ya kila siku. Nne, mtoto mchanga anunuliwe kiti chake, akiwekwe nyuma; kiti kinachomtazamisha mtoto kinyume kisiwekwe asilani mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Neno kwa wenzangu wa Serikalini

Haitoshi kuwahubiria wananchi. Sisi tuliokabidhiwa dhamana ndio wa kwanza kutazamwa. Gari ya Serikali ikipita Mpendae kwa kasi na kiongozi nyuma hana mkanda, kijana aliyepo barazani hufunzika jambo, na hakuna semina itakayomfunzua. Tufunge mikanda sisi kwanza, mbele na nyuma.

Aidha, wanaokagua gari bandarini na barabarani waitazame mipira, mikanda ya nyuma na mifuko ya hewa kwa makini uleule wanaoitazamia ushuru. Ushuru ukipotea hulipwa baadaye. Abiria akipotea halipwi. Na kwa kuwa vijana wataendelea kupenda mwendo tupende tusipende, inafaa tuwatafutie uwanja uliofungwa, siku maalumu, chini ya uangalizi wa polisi na madaktari, wapimane huko. Barabara ambayo watoto wetu huivuka si uwanja.

Gari ya kijana wetu bado haijafika. Wiki iliyopita nilimkuta ukumbini kwake ameshatangulia kununua kiti cha mtoto, na yule mdogo amekikalia sakafuni, amejifunga mwenyewe, akiendesha usukani wa hewani na kupiga honi kwa mdomo. Baba yake aliniuliza tena, safari hii kwa kicheko, "Ami, sasa nina haki ya kufurahi?"

Nilimwambia anayo, yeye na wote waliomo nyuma yake.